STIMA IKIPOTEA, ORODHA YA LANGONI ISIPOTEE
Somo kwa wanaotunza kompyuta za parokia, zahanati na vikundi



Ukitoka Kilifi kwenda Malindi, ukifika Gede karibu na njia panda ya Watamu, kuna magofu ya mji wa kale uliokuwa na kuta mbili, ukuta wa nje na ukuta wa ndani. Wazee wetu walijua kujilinda. Lakini ukuta wowote una mlango, na mlango wowote unahitaji bawabu anayejua nani aingie na nani azuiwe.

Kompyuta iliyounganishwa na intaneti ni vivyo hivyo. Ina ukuta wa ulinzi, ambao mafundi huuita faiwoli. Na huo ukuta una orodha: anwani za mitambo ya mbali iliyokwisha kuonekana ikibisha hodi kwa nia mbaya. Somo letu la leo ni namna ya kuihifadhi orodha hiyo na kuirudisha, kwa kompyuta inayotumia Linux.

SHABAHA YA SOMO

Mwisho wa somo hili uweze: (1) kueleza kwa nini orodha hupotea, (2) kuandika skripti mbili fupi, moja ya kuhifadhi na moja ya kurudisha, (3) kuzijaribu kabla ya kuzitegemea.

TUCHUKUE MFANO

Kituo cha parokia kina kompyuta moja kubwa inayotunza hesabu za vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa. Kila usiku mitambo ya mbali hujaribu kubahatisha neno la siri ili iingie. Kijana anayeitunza huamka asubuhi, husoma kumbukumbu za usiku, na kuandika anwani za wabishaji katika orodha ya kuzuiwa. Baada ya miezi sita ana anwani mia tatu.

Jioni moja stima inapotea. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa jambo hili. Na usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 giza lilitanda karibu nchi nzima. Stima inaporudi, kompyuta inawaka na hesabu zote zipo. Kijana anashukuru Mungu, anaenda zake nyumbani.

Siku ya tatu mwekahazina anauliza, "Mwanangu, mbona mashine nzito hivi?"

"Mama, hata mimi nashangaa. Ukuta upo, lakini orodha ni tupu."

"Si ulisema umeweka nakala?"

"Nakala pia ni tupu, Mama."

Hapo ndipo penye somo. Kupoteza orodha ni hasara. Lakini kilichomaliza kazi ya miezi sita ni kile kilichofuata: saa 12 jioni skripti yake ya kuhifadhi iliamka kama kawaida, ikakuta orodha tupu, ikaiweka juu ya ile iliyojaa. Daftari jeupe lilifunika daftari lililoandikwa.

KWA NINI ORODHA HUPOTEA

Katika Linux orodha ya namna hii hutengenezwa kwa amri iitwayo ipset. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuweka maelfu ya anwani, na ukuta ukazikagua zote kwa sheria moja tu. Lakini orodha hukaa katika kumbukumbu ya muda, si katika diski. Ni kama bawabu anayeshika majina yote kichwani. Akilala, akiamka amesahau. Hata sheria za iptables zilizoandikwa kwa mkono hupotea vivyo hivyo.

Dawa ni kumpa bawabu daftari. Mhandisi wa zamani, Nehemia, alijua hili. Alipomaliza ukuta wa Yerusalemu aliweka mabawabu, akaagiza malango yasifunguliwe mpaka jua liwe kali; na katika sura hiyo hiyo ya 7 tunasoma jinsi alivyopata kitabu cha majina ya waliotangulia kurudi. Ukuta, bawabu, saa ya kufungua, na orodha iliyoandikwa. Tutavihitaji vyote vinne.

HATUA YA KWANZA: TENGENEZA ORODHA

Ingia kama msimamizi mkuu wa kompyuta, kisha andika:

mkdir -p /var/lib/ukuta
touch /var/lib/ukuta/orodha
ipset create wabaya hash:ip comment
ipset add wabaya 203.0.113.15 comment "alibahatisha neno la siri"

Anwani hiyo ni miongoni mwa zilizotengwa kwa mafunzo, haina mwenyewe. Neno "comment" linakuruhusu kuandika sababu. Usiache kuiandika. Mwaka kesho hutakumbuka kwa nini ulimfungia mtu, na kumfungia mtu bila sababu si haki. Ukitaka kumwondoa, tumia ipset del wabaya na anwani yake.

HATUA YA PILI: SKRIPTI YA KUHIFADHI

Iandike katika faili /usr/local/sbin/hifadhi-orodha:

#!/bin/sh
PATH=/usr/sbin:/usr/bin:/sbin:/bin
D=/var/lib/ukuta
ipset save wabaya > $D/mpya || exit 1
M=$(grep -c '^add ' $D/mpya)
Z=$(grep -c '^add ' $D/orodha)
if [ $M -eq 0 ] || [ $M -lt $((Z / 2)) ]; then
  echo "Imepungua ghafla: $Z hadi $M. Sikuhifadhi."
  exit 1
fi
cp $D/orodha $D/jana
mv $D/mpya $D/orodha
sync

Tuipitie polepole. Kwanza orodha inaandikwa katika faili jipya, si juu ya lile la zamani, maana stima inaweza kukatika katikati ya kuandika. Kisha tunahesabu: M ni anwani za sasa, Z ni zile za zamani. Ikiwa za sasa ni sifuri, au hazifiki nusu ya zile za zamani, skripti inakataa na kusema kwa nini. Mistari hiyo minne ya katikati ndiyo ingemwokoa kijana wetu. Mwisho, nakala ya zamani inawekwa kando kwa jina la "jana", na amri sync inahakikisha maandishi yamefika diskini.

Mstari wa PATH usiuruke. Skripti ikiendeshwa na saa ya kompyuta, bila mstari huo inaweza isiione amri ya ipset.

Siku moja ukikusudia kufuta anwani nyingi, skripti itakukatalia. Ni sawa, imefanya kazi yake. Basi hifadhi kwa mkono:

ipset save wabaya > /var/lib/ukuta/orodha

Ili ijiendeshe kila jioni, weka mstari huu katika faili /etc/cron.d/orodha:

0 18 * * * root /usr/local/sbin/hifadhi-orodha

Kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 18 ni saa 12 jioni. Na kila unapoongeza anwani kwa mkono, iendeshe papo hapo. Usiseme jioni itafika tu.

HATUA YA TATU: SKRIPTI YA KURUDISHA

Hii iwe /usr/local/sbin/rudisha-orodha:

#!/bin/sh
PATH=/usr/sbin:/usr/bin:/sbin:/bin
D=/var/lib/ukuta
for F in orodha jana; do
  grep -q '^add ' $D/$F && ipset -exist restore < $D/$F && break
done
ipset list -n | grep -qx wabaya || ipset create wabaya hash:ip comment
K="INPUT -m set --match-set wabaya src -j DROP"
iptables -C $K 2>/dev/null || iptables -I $K

Inajaribu faili la leo. Likiwa bovu au tupu, inachukua la jana. Yote mawili yakishindikana, inatengeneza orodha tupu, kwa sababu sheria ya ukuta haikubali kutaja orodha isiyokuwepo. Kisha inaweka sheria yenyewe, kama haipo.

Angalia utaratibu huo: orodha kwanza, sheria baadaye. Wenye desturi ya kurudisha sheria zote kwa iptables-restore wawe macho. Sheria moja ikitaja orodha ambayo haijarudi, jedwali zima la sheria hukataliwa, na lango hubaki wazi.

Ruhusu skripti zote mbili ziendeshwe:

chmod 700 /usr/local/sbin/*-orodha

HATUA YA NNE: LANGO LISIFUNGULIWE MAPEMA

Orodha irudi kabla mtandao haujawaka. Katika Linux zinazotumia systemd, andika faili /etc/systemd/system/orodha.service:

[Unit]
Wants=network-pre.target
Before=network-pre.target
[Service]
Type=oneshot
ExecStart=/usr/local/sbin/rudisha-orodha
[Install]
WantedBy=multi-user.target

Kisha: systemctl enable orodha.service

HATUA YA TANO: JARIBU

Nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu. Chagua siku ambayo ofisi haina kazi nyingi, waarifu wenzako, na ukae mbele ya kompyuta yenyewe, usifanye kwa mbali, usije ukajifungia nje. Endesha hifadhi-orodha, halafu:

ipset save wabaya | grep -c '^add '

Andika idadi hiyo katika karatasi. Zima kompyuta na kuiwasha, urudie amri hiyo. Idadi zikilingana, mshukuru Mungu. Zisipolingana, ni heri umejua mchana, ukiwa na soda mkononi, kuliko kujua usiku wa giza.

TAHADHARI

1. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ukizuia anwani ya namna hiyo kwa ajili ya mkorofi mmoja, huenda umewafungia njia watu wa kijiji kizima, pamoja na mwenyekiti wa kikundi chako. Pitia orodha kila mwezi na uwaachilie wanaostahili.

2. Orodha hii ni ya anwani za namna ya zamani, yaani IPv4. Za IPv6 zinahitaji orodha yao na amri ya ip6tables.

3. Linux za miaka hii zinaelekea kwenye nftables, iliyoingia katika kiini cha Linux mwaka 2014. Amri ni nyingine, lakini kanuni haibadiliki: kisichoandikwa diskini hakivuki giza.

4. Orodha haichukui nafasi ya neno la siri lililo imara. Anayekataliwa kwa anwani moja anaweza kuja kwa nyingine.

5. Mara moja kwa mwezi peleka nakala nje ya kompyuta, kwa flashi, na uifungie kabatini.

Labda mwingine atasema, "Haya ni ya mabenki, sisi tuna vikundi vidogo." La hasha. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika habari za watu azilinde. Na hata kama sheria isingekuwepo, yule mama aliyeweka shilingi hamsini kila wiki ametukabidhi jina lake na jasho lake. Hiyo ni amana.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kituo chenu, ni mambo gani yamo kichwani mwa mtu mmoja tu na hayajaandikwa popote?
2. Nakala zenu zilijaribiwa lini kwa mara ya mwisho? Nani alishuhudia?
3. Kwa nini ni hatari kwa nakala mpya kufuta ya zamani bila kuhesabu kwanza?
4. Someni Nehemia sura ya 7. Ni nani bawabu katika kazi yenu, na daftari lake liko wapi?

Kazi ya nyumbani: kabla ya mkutano ujao, fanya jaribio la Hatua ya Tano na ulete karatasi yenye idadi mbili, ya kabla na ya baada.