SOMO: Gari la Kikundi – Mbona Bei Haishuki, na Tufanye Nini?



Tukizunguka vikundi vya Kenyenya tunasikia mpango mmoja tena na tena: kikundi kinataka gari. Ndizi zinaiva, mchuuzi anakuja na pikapu yake na kutaja bei anayotaka yeye. Wanachama wanasema, "Tukiwa na Probox au pikapu yetu, tutapeleka wenyewe hadi Kisii mjini." Mpango huo ni mzuri. Lakini mweka hazina akienda kuuliza bei, anarudi na habari kwamba akiba haitoshi tena, ingawa kwa hesabu ya miaka michache iliyopita ilitosha. Hapo watu huanza kutazamana. Wengine wanamshuku mweka hazina. Wengine wanasema, "Tukope leo leo kabla bei haijapanda tena."

Somo hili lina kusudi moja: tujue bei hiyo inatoka wapi, ili kikundi kiamue bila ugomvi na bila kupoteza akiba.

TUONE

Magari mengi tunayonunua Kenya ni ya mtumba kutoka Japani. Mtu wa kule akipata gari jipya, anauza la zamani. Hilo la zamani linaenda mnadani, linapakiwa melini, linashushwa Mombasa. Kwa hiyo la jipya likichelewa kutoka kiwandani, la mtumba nalo linachelewa kutufikia.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2020 korona ilipofunga viwanda, kampuni za magari zilipunguza oda zao za chipu, yaani vile vipande vidogo vya elektroniki vinavyoongoza injini na breki. Wenye viwanda vya chipu wakawauzia watengenezaji wa simu na kompyuta. Watu walipoanza kutaka magari tena, chipu hazikutosha. Machi 2021 kiwanda cha chipu cha Renesas huko Japani kikashika moto. Septemba mwaka huo Toyota ikapunguza magari iliyopanga kutengeneza kwa asilimia 40. Januari 2022 ikatangaza kwamba anayetaka Land Cruiser mpya huenda akasubiri hadi miaka 4.

Sasa tujiulize: mtu anayesubiri miaka 4 atauza gari alilo nalo? Hawezi. Analiendesha tu. Mwaka 2019 magari mapya yaliyouzwa Japani yalikuwa kama milioni 5.2, mwaka 2022 yalikuwa kama milioni 4.2. Hata Marekani, bei ya magari ya mtumba ilipanda kwa asilimia 40 hivi katika mwaka mmoja, hadi Januari 2022.

Kuanzia 2023 chipu zilianza kupatikana vizuri. Mbona basi bei kwetu haikurudi ilipokuwa? Kuna sababu tatu.

Ya kwanza ni sheria ya miaka 8. Gari la mtumba linaloingia Kenya halifai kuzidi miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza. Kila Januari tunasogea mwaka mmoja mbele. Kwa hiyo tunaelekea kwenye magari ya 2020, 2021 na 2022, miaka ile ile ya uhaba. Njaa iliyoonekana Japani wakati ule inatufikia sisi ikiwa imechelewa.

Ya pili ni shilingi. Mwisho wa 2021 dola 1 ilikuwa kama shilingi 113. Januari 2024 ilifika karibu 160, kisha mwaka huo huo ikarudi hadi kama 130. Gari la dola 5,000 lilikuwa shilingi 565,000, likawa 800,000, kisha 650,000. Gari ni lile lile, na hapo ushuru haujaingia.

Ya tatu ni ushuru wenyewe. Julai 2023 ushuru wa forodha kwa magari ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1500, halafu VAT asilimia 16. Kila mmoja unapanda mgongoni mwa mwenzake. Thamani ya shilingi 100 inakuwa 135, halafu 162, halafu karibu 188. Ada nyingine bado. Tena KRA huanza na bei ya gari jipya la aina hiyo, kisha huipunguza kulingana na umri. Orodha ya bei za magari mapya ikipanda, ushuru wa mtumba nao unapanda.

Basi tusimlaumu mweka hazina. Wala tusikae tukingoja bei ishuke ghafla msimu ujao.

TUPIME

Tuchukue mfano. Kikundi kina shilingi 500,000 na gari linauzwa 1,100,000. Kinakopa 600,000 kwa miezi 24, riba asilimia 3 kila mwezi juu ya mkopo wote. Riba ni 18,000 kwa mwezi, na mkopo wenyewe 25,000. Jumla 43,000 kila mwezi. Mwisho wa miezi 24 riba peke yake imekula 432,000.

Ikiwa kila mkungu wa ndizi unalipia usafiri shilingi 50, tunahitaji mikungu 860 kila mwezi kulipa deni tu. Petroli, dereva, bima na tairi bado. Je, mikungu hiyo tunayo?

Tuseme kukodi pikapu ni shilingi 3,000 kwa safari. Safari 8 kwa mwezi ni 24,000. Kikundi chenye safari 8 kinapata hasara kikinunua. Chenye safari 25 kina sababu ya kufikiria kununua. Kinachoamua ni wingi wa mzigo. Fahari ya kuwa na gari haiwezi kulipa deni.

TUTENDE

1. Kodini kwanza kwa miezi 3. Katibu aandike kila safari: mzigo, gharama na mauzo.

2. Akiba ya gari ikae katika akaunti yake, na watu watatu watie sahihi kabla ya pesa kutoka.

3. Msitoe pesa kwa sababu ya picha iliyotumwa kwa simu. Waende watu watatu, pamoja na fundi wenu, si fundi wa muuzaji. Kilomita kwenye dashibodi zaweza kurudishwa nyuma. Tazameni pia pedali na viti vilivyochakaa.

4. Kabla ya kulipa, ombeni taarifa ya gari kutoka NTSA kupitia eCitizen. Mwone mwenyewe ni nani, na kama gari limewekwa rehani.

5. Mkiagiza kutoka nje, mkataba useme bei ni ya dola au shilingi, gari lifike tarehe gani, na amana itarudishwaje likichelewa. Dai cheti cha ukaguzi na risiti za ushuru.

6. Ulizeni mapema namna ya kuandikisha gari kwa jina la kikundi, si la mwenyekiti. Viongozi hubadilika, na ugomvi wa jina umevunja vikundi vingi.

Kumbukeni, haraka haraka haina baraka. Anayekwambia ulipe leo au ukose, kwanza mwambie akuonyeshe karatasi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mwezi uliopita tulisafirisha mzigo kiasi gani, na tulilipa jumla ya pesa ngapi?

2. Gari likikaa gereji mwezi mzima, deni litalipwa na nani?

3. Je, tunaweza kuungana na kikundi jirani ili tukodi pikapu moja siku moja?

4. Ni nani kati yetu atakayeshika daftari la safari kuanzia mkutano ujao?