Maji kwa Vipepeo, Nyuki na Ndege: Kijitabu kwa Wakazi wa Singe

Mvua zikishakatika mwishoni mwa Mei, Singe hukauka haraka. Mahindi hunyauka shambani yakisubiri kuvunwa, na mbaazi ndiyo hubaki kijani, ikichanua maua yake ya njano. Siku hizo pita karibu na bomba linalovuja, au mahali ng'ombe waliponyweshwa asubuhi. Utaona vipepeo weupe na wa njano wametua kwa makundi juu ya tope, mabawa wameyafumba, wala hawana haraka ya kuruka ukiwasogelea. Watoto huwatimua kwa mchezo. Tunaomba wazazi wawaambie wawaache, maana vipepeo hao hawakuja kupumzika. Wamekuja kutafuta chumvi.

Mfugaji ataelewa upesi. Ng'ombe anayekula majani matupu hulamba ukuta, hulamba udongo, mpaka apewe chumvi. Kipepeo ana shida hiyohiyo. Alipokuwa kiwavi alikula majani, na majani mengi yana chumvi kidogo mno. Akishaota mabawa hunywa utamu wa maua, nao hauna chumvi ya kutosha. Kwa hiyo hufyonza maji ya tope, mkojo wa mifugo na samadi mbichi. Wengi wa wanaofanya hivyo ni madume: chumvi wanayokusanya humpa jike wakati wa kupandana, naye huitia katika mayai.

Mtu atasema mji wetu una Ziwa Babati, maji yapo. Kwa ndege arukaye mbali ni kweli. Kwa nyuki anayebeba tone dogo tumboni, safari ndefu humla nguvu.

Tope la vipepeo

Chukua karai bovu au kigae kipana cha chungu. Jaza mchanga uliochanganywa na udongo wa shambani, ongeza konzi moja ya samadi iliyooza na kijiko kimoja cha majivu ya kuni. Nyunyiza chumvi ya mezani kiasi kinachoshikwa na vidole viwili. Mwagia maji mpaka udongo ulowe, lakini yasituame juu. Weka juani, karibu na maua, kwani kipepeo hapendi kivuli. Kila asubuhi ongeza maji kidogo. Yale uliyooshea mchele yanafaa sana. Maji ya sabuni hayafai kabisa. Magadi pia tunashauri yasitumike, kwa sababu ni makali na ni rahisi kuyazidisha.

Maji ya nyuki

Nyuki hunywa, lakini maji mengi huyapeleka nyumbani. Chumba cha watoto ndani ya mzinga hutakiwa kiwe na joto la nyuzi 35 hivi. Jua likiwaka, nyuki hutandaza maji kwenye masega na kuyapepea kwa mabawa ili mzinga upoe. Maji hayo pia huzimua asali inayotumika kutengenezea chakula cha watoto.

Ukiwawekea beseni tupu lenye kina, watazama. Jaza kokoto, magunzi au vipande vya kuni, vichwa vyake vibaki juu ya maji, nyuki wapate pa kusimama. Nyuki hupenda maji yenye harufu na chumvi kidogo kuliko maji safi ya bomba: kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika lita 5 kinatosha. Chombo kikae mbali na mlango, choo na njia ya watoto, kwa sababu nyuki wetu ni wakali wakibughudhiwa. Na kiwekwe mapema, mwezi Juni. Nyuki akishazoea bomba la jirani, kumhamisha ni kazi ngumu.

Usitumie kamwe dumu au ndoo iliyowahi kubeba dawa ya kuulia wadudu, hata kama umeiosha mara kumi. Na anayepulizia dawa mbaazi zilizochanua afanye hivyo jioni, nyuki wakisharudi mzingani.

Ndege: maji safi, bila chumvi

Hapa watu wengi hukosea. Wakiona chumvi imewafaa vipepeo, huitia na kwenye maji ya ndege. Figo za ndege wadogo haziwezi kutoa chumvi nyingi. Shomoro, tetere na mnana, walao nafaka kavu, wanahitaji maji safi kila siku. Sahani ya udongo yenye kina cha sentimita 3 hadi 5 inatosha kunywa na kuoga. Iweke juu ya kigogo, hatua chache kutoka vichakani, ili paka asiwavizie.

Vyombo vya nyuki na vya ndege vimwagwe na kusuguliwa kila baada ya siku 2. Yai la mbu huweza kufikia kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 14, na hatutaki kuwakaribisha nyuki kwa gharama ya malaria. Maji ya ndege unayoyamwaga, mwagilia mchicha au miche ya miti. Yale ya chumvi mwaga pembeni.

Ukianza, usiache katikati. Viumbe hawa watakuwa wamezoea kwako, na miezi migumu kuliko yote ni Septemba na Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijarudi.