Asidi ya Tumbo na Madini ya Chuma: Mezeni Vidonge kwa Utaratibu

Wajawazito hupewa kliniki vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Wapo wanaovimeza kila siku, lakini kipimo cha wingi wa damu hakipandi. Malaria na minyoo ni miongoni mwa sababu. Ipo nyingine inayosahaulika: upungufu wa asidi tumboni.

Asidi ya tumbo huyeyusha chakula na kuyaweka madini ya chuma katika hali ambayo utumbo mwembamba unaweza kuyafyonza. Asidi ikipungua, sehemu kubwa ya madini hayo hutoka na choo. Hali hiyo huweza kuletwa na uzee, na bakteria wasababishao vidonda vya tumbo, au na dawa za kupunguza asidi zinazotumiwa kwa muda mrefu.

Mkoani Singida chakula chetu ni ugali wa mtama au uwele kwa mlenda. Nafaka hizi zina madini ya chuma, ila zina pia viini vinavyoyashikilia yasifyonzwe kwa urahisi. Magadi yanayotiwa katika mlenda hupoza asidi na kuharibu vitamini C, ambayo ndiyo msaidizi mkuu wa madini hayo.

Jambo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na upungufu wa damu. Mama wa namna hiyo akitokwa na damu wakati wa kujifungua, maisha yake huwa hatarini upesi.

Basi tuzingatie haya:

1. Meza kidonge cha madini kwa maji au juisi ya ubuyu, limau au chungwa; usimeze kwa chai wala maziwa.
2. Acha nafasi ya saa mbili au zaidi kati ya kidonge hicho na dawa ya kutuliza asidi.
3. Punguza magadi, chachusha unga wa uji kabla ya kuupika.
4. Usinunue dawa za asidi kiholela. Ikiwa umeandikiwa na daktari, usiziache bila kumwuliza.

Kidonge kikikuchafua tumbo, usikitupe. Rudi zahanati ukaeleze, upewe ushauri.