Ufa Unapanuka: Jinsi ya Kupima Mteremko Unaosogea

Mwaka jana ufa ule juu ya shamba ulipitisha kidole, mwaka huu unapitisha ngumi. Utajuaje kama mteremko mzima unasogea?

Simu haitakusaidia. Hata uwanjani palipo wazi hukosea mita kadhaa, na wewe unatafuta milimita. Kinachohitajika ni kipokezi cha setilaiti cha masafa mawili kinachohifadhi data ghafi, yaani vipimo vya mawimbi kabla havijachakatwa. Wimbi moja lina urefu wa sentimita 19 hivi, nacho husoma hata kipande chake kidogo. Bodi kama ZED-F9P ya u-blox huuzwa takriban dola 200. Ongeza antena, paneli ndogo ya sola, betri na boksi lisilopitisha maji; kituo kimoja kinaweza kufika dola 400 au 500. Vipokezi vya wapima ardhi hugharimu maelfu.

Lakini utahitaji vituo viwili. Hewa ya juu hupotosha mawimbi, na vituo vilivyo karibu hupotoshwa karibu sawasawa, hivyo ukilinganisha kimoja na kingine kosa kubwa linajifuta. Kimoja kiweke kwenye mwamba usiotikisika, kingine mteremkoni, umbali usizidi kilomita chache.

Usibane matumizi kwenye nguzo. Chimba shimo refu, simika bomba la chuma, mwaga zege, zungushia uzio. Mtu akifungia mbuzi hapo, utakuwa unapima mbuzi. Epuka miti, na epuka kuta na mapaa ya mabati, maana mawimbi hudunda na kufika yamechelewa.

Hesabu hufanywa na RTKLIB, programu ya bure iliyoandikwa na Tomoji Takasu wa Japani. Usihangaike na kila sekunde. Chukua data ya saa 24 utoe jibu moja la siku, kisha lichore kwenye grafu. Wiki za kwanza nguzo yenyewe hutulia, na udongo wa mfinyanzi huvimba masika, kwa hiyo usikurupuke. Kipimo cha kwenda juu au chini huwa na makosa zaidi kuliko cha pembeni. Mstari ukiendelea kuinama upande mmoja, na kasi ikaongezeka baada ya mvua, mpelekee mtendaji wa kijiji grafu hiyo. Kwa Tanzania, wataalamu wa miamba wako Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma.

Kifaa hiki si king'ora. Tope la Mlima Hanang lililoingia mji wa Katesh Desemba 3, 2023 lilishuka ghafla. Ukisikia mngurumo mlimani, au mto ukageuka tope ghafla, ondoka bondeni uelekee palipoinuka, grafu itasubiri.

Huna dola 800 za vituo viwili? Pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa. Pima kwa tepu kila Jumamosi, andika na mvua ya wiki hiyo.