Daka, Kiwanda, Ndani: Kusoma Nyumba ya Wageni ya Lamu

Mji Mkongwe wa Lamu, nchini Kenya, uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nyumba zake kadhaa za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, baadhi za karne ya 18, zimekarabatiwa na sasa hulaza wageni na kuwapa chai ya asubuhi. Wanausanifu huzisoma kwa kuta na nakshi. Sisi wa isimu tuzisome kwa majina ya sehemu zake.

Tuanzie mlangoni. Daka ni ukumbi mdogo wa kuingilia, wenye mabaraza ya mawe ya kukalia. Zamani asiye jamaa aliishia hapo. Baada yake huja kiwanda, na msomaji wa Lubumbashi asitafute mashine: ni ua wa katikati ya nyumba. Pale ambapo Kiswahili sanifu kina nj, Kiamu mara nyingi kina nd. Njia ni ndia, njaa ni ndaa, na kiwanja ni kiwanda. Kutoka uani unapita misana, yaani vyumba virefu vyembamba (upana wake ulifuata urefu wa boriti), hadi ufike ndani. Kwetu ndani ni kielezi cha mahali. Kwa Waamu ni pia jina la chumba, kile cha siri ya familia.

Hapo ndipo ukarabati unapogusa maana. Mgeni aliyekomea daka leo analipa, na huenda akalazwa ndani. Neno halikubadilika hata sauti moja, lakini umbali kati ya mgeni na mwenyeji, ambao neno hilo lilikuwa likiupima, umeondoka. Kamusi inayotafsiri ndani kama "chumba cha kulala" tu itakuwa imemsikiliza mtalii, si mwenye nyumba.

Ukutani mwa ndani kuna safu za matundu ya mapambo, palipowekwa vyombo vya kaure. Tundu moja ni kidaka: daka lililopunguzwa kwa ki-. Wingi wake sanifu ni vidaka, ila Kiamu husema zidaka, kama kinavyosema zitu. Katanga tungesema bidaka, kama tusemavyo bitu, na jirani yetu Kiluba nacho kina bintu. Kiambishi cha ngeli ya 8 katika Kibantu cha kale hurejeshwa kuwa *bi-. V na z za pwani zilizuka baadaye.

Sasa tazameni tofauti ya heshima. Zidaka huandikwa hivyohivyo hata katika vitabu vya usanifu, bila kusahihishwa, kwa sababu ni neno la nyumba yenye jina. Bitu katika kazi ya mwanafunzi hupigwa mstari mwekundu. Katika insha ya Kiswahili sanifu mstari huo ni halali. Katika daftari la utafiti, ambamo mzee wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, anataja sehemu za nyumba yake, mstari huo unafuta data.