Shamba la Nyumbani Haliuzwi kwa Siri



Katika masomo yetu ya ndoa tumezoea kuzungumza juu ya upendo, uvumilivu na malezi ya watoto. Leo tuzungumze juu ya shamba. Hapa Kiminini, na kote Trans Nzoia hadi Bungoma, shamba ndilo chakula chetu, ndilo karo ya watoto, na ndipo tulipowazika wazee wetu. Ugomvi wa shamba ukiingia katika nyumba, ndoa yenyewe hutikisika.

Tuchukue mfano. Mume na mke wana ekari mbili. Hati ya shamba ina jina la mume peke yake. Mwezi wa Januari mtoto ameitwa shule ya bweni, mahindi yaliyobaki ni ya kula tu, na deni la mbolea halijalipwa. Mume anakutana na dalali sokoni na kupokea malipo ya kwanza ya nusu ekari. Mkewe hamwambii, "asije akapiga kelele". Mama anapata habari siku anapowaona watu wasiojulikana wakipima shamba kwa kamba karibu na migomba yake.

Shida ya nyumba hiyo ilikuwa ya kweli, na huenda hata mama angekubali kuuza. Kilichoharibu mambo ni siri. Basi tuone sheria inasema nini.

1. Sheria ya nchi

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kwamba mume na mke wana haki sawa wanapofunga ndoa, wakiwa katika ndoa, na hata ndoa ikivunjika. Mwaka 2013 Bunge likatunga Sheria ya Mali ya Ndoa. Kwa sheria hiyo, katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiuzwi, haitolewi zawadi, haikodishwi wala haiwekwi rehani bila wote wawili kukubali. Mali ya ndoa ni pamoja na nyumba mnamoishi na mali iliyoambatana nayo, vyombo vya nyumbani, na mali nyingine mliyoipata pamoja mkiwa katika ndoa.

Sheria hiyo inasema pia kwamba mume au mke hafukuzwi katika nyumba ya ndoa wakati ndoa ingali hai, isipokuwa kwa amri ya mahakama. Kwa hiyo yule anayemwambia mwenzake, "Toka kwangu, hati ina jina langu," anasema jambo ambalo sheria haimruhusu kulitenda.

2. Jina moja katika hati

Akina mama wengi hudhani kwamba jina lao lisipokuwa katika hati, basi hawana lao. Sivyo. Mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja huhesabiwa kwamba ameishika kwa niaba ya mwenzake pia, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na shamba ambalo mume alirithi kwa baba yake, mke akalilima na kulitengeneza miaka mingi, mke hupata haki kwa kadiri ya mchango wake.

Mchango si pesa tu. Sheria inataja kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia mali na kulima. Lakini tusidanganyane. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba ndoa ikivunjika, hakuna anayepewa nusu moja kwa moja kwa sababu tu alikuwa ameoa au ameolewa. Kila mmoja huonyesha mchango wake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tunzeni risiti za mbegu, za mabati na za karo. Tunzeni cheti cha ndoa. Na wale waliooana kwa mila, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inawataka waandikishe ndoa yao kwa msajili. Siku ya shida, karatasi hiyo ndiyo huanza kuulizwa.

3. Bodi ya ardhi

Shamba la kilimo haliuzwi kwa makubaliano ya sokoni. Tangu mwaka 1967 iko Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, inayotaka mauzo yapate kibali cha bodi ya ardhi. Ombi hupelekwa kabla ya miezi sita kupita tangu makubaliano. Bila kibali, sheria inayahesabu mauzo kuwa bure, na mnunuzi anaweza kudai pesa zake zirudishwe kama deni. Desturi ya bodi nyingi ni kumwita mume pamoja na mke na kuwauliza kama wote wamekubali.

Mama, ukiitwa mbele ya bodi, nenda, na useme ukweli. Usikubali kuogopeshwa. Na wewe baba, kumpeleka mwanamke mwingine ajifanye mkeo ni udanganyifu unaoweza kukupeleka kizimbani.

Nawe unayenunua, jihadhari. Barua iliyoandikwa kwa chifu si hati, wala haichukui mahali pa kibali cha bodi. Fanya sachi katika ofisi ya ardhi, kisha fika nyumbani kwa muuzaji umwulize mkewe. Ukimwona ameshangaa, rudi na pesa zako.

4. Ukiona dalili ya mauzo ya siri, ufanye nini?

Kwanza, zungumza na mwenzako mkiwa wawili, watoto wakiwa wamelala. Uliza shida iliyomsukuma. Pengine kuna deni ambalo aliona aibu kulitaja.

Pili, akikataa kusikia, waiteni wazee wa pande zote mbili, au wanandoa wakomavu wa jumuiya yenu. Katiba yenyewe inahimiza upatanisho. Yaliyokubaliwa yaandikwe na kutiwa sahihi.

Tatu, wakati mazungumzo yanaendelea, usilale. Nenda katika ofisi ya msajili wa ardhi, Kitale au Bungoma, kulingana na mahali shamba lilipo, uombe kuweka zuio. Zuio likiwekwa, msajili haandikishi mauzo mpaka liondolewe. Chukua kitambulisho, cheti cha ndoa na namba ya shamba. Lakini usiliweke kwa hasira tu, kwa maana anayeweka zuio bila sababu ya haki anaweza kutakiwa alipe fidia. Peleka barua kwa bodi ya ardhi pia, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Nne, ikishindikana, mahakama ipo. Mahakama Kuu pamoja na Mahakama ya Mazingira na Ardhi zinaketi Kitale. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Kituo cha Sheria kimewasaidia maskini tangu mwaka 1973, na FIDA Kenya imewatetea akina mama tangu mwaka 1985. Kudai haki yako si kumchukia mwenzako. Mara nyingi zuio moja lililowekwa mapema huiokoa nyumba na kesi ya miaka kumi.

5. Neno kwa waume, na kwa wake pia

Baba, unapouza kwa siri, unauza na imani ya mkeo, na hiyo hainunuliki tena kwa bei ya ekari. Mama, mumeo anapokuja na shida, usianze na kelele. Mtu anayejua atasikilizwa hana haja ya kujificha. Tena wapo akina mama wanaouza ng'ombe au kukodisha shamba bila kumwambia mume. Sheria ni moja kwa wote wawili.

Mkipata nafasi, andikisheni shamba kwa majina yenu yote mawili. Kwa namna moja ya kuandikisha, mmoja akifariki, mwenzake hubaki na shamba lote. Kwa namna nyingine kila mmoja huwa na fungu lake. Mwulizeni msajili awaeleze kabla hamjatia sahihi.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Je, sisi wawili tunajua hati ya shamba letu ilipo, na ina jina la nani?
2. Tuna madeni gani ambayo mmoja wetu hajui?
3. Shida ikitubana, tutauza nini kwanza, na ni kitu gani tumekubaliana kwamba hatutakiuza?
4. Mmoja wetu akifariki leo, mwenzake ataonyesha karatasi gani?