Mfumo wa duka lako unaingiaje M-Pesa bila PIN yako?

Tuseme uko na agrovet pale Njoro. Wakulima wanalipia mbolea na dawa ya ng'ombe kwa paybill, na kila jioni unakaa na daftari ukilinganisha meseji za malipo na mali iliyotoka. Sasa umepata kijana wa kompyuta mjini Nakuru akuandikie programu itakayofanya hesabu hiyo yenyewe. Halafu anakuambia: "Boss, nipatie PIN yako ndio niunganishe mfumo."

Usimpatie. Huenda ni mtu mwaminifu kabisa, lakini mfumo hauhitaji PIN yako hata kidogo. Tuone kwa nini.

PIN ni ya mtu, funguo ni za programu

PIN ilitengenezewa mtu aliyeshika simu. Programu haishiki simu, na inafanya kazi hata saa nane usiku ukiwa umelala. Ndiyo maana mwaka wa 2017 Safaricom ilianzisha Daraja, njia ambayo mifumo ya biashara hupitia ili kuongea na M-Pesa. Hapo programu hupewa utambulisho wake yenyewe: Consumer Key, ambayo ni kama jina lake, na Consumer Secret, ambayo ni siri yake.

Inavyoenda

1. Programu inaunganisha jina na siri, inaviandika kwa mtindo wa Base64, kisha inavituma kwa seva ya Daraja. Base64 si kufuli. Yeyote akiipata anaweza kuisoma. Kinacholinda siri safarini ni https, kwa hivyo anwani lazima ianze hivyo.
2. Seva ikiridhika, inarudisha tokeni. Ni kama ile kadi ya mgeni unayopewa getini baada ya kuonyesha kitambulisho. Inadumu sekunde 3,599, yaani karibu saa moja.
3. Kila ombi linalofuata linabeba tokeni hiyo. Muda ukiisha, programu inaomba nyingine bila kukusumbua.

Tokeni ikiibwa, inakufa ndani ya saa moja. Siri ikiibwa, mwizi anaweza kujitengenezea tokeni mpya kila saa mpaka ubadilishe funguo.

Na pesa je?

Mfumo ukimtumia mteja ombi la malipo, linatokea kwa simu yake na ni yeye anaweka PIN yake. Asipoiweka, pesa haitoki.

Hatari kubwa iko kwa kutuma pesa kutoka akaunti ya biashara, kwa mfano kulipa vibarua. Huko Daraja inataka pia jina na nenosiri la mtumiaji maalum anayeitwa initiator, na nenosiri hilo linafungwa kwa cheti cha Safaricom kabla ya kutumwa. Kama mfumo wako ni wa kupokea malipo tu, fundi hana haja na nenosiri hilo.

Kabla kazi ianze, hakikisha haya

- Akaunti ya Daraja ifunguliwe kwa imeili ya biashara, si ya fundi. Akihamia Eldoret kesho, funguo zinabaki kwako.
- Majaribio yafanyike kwenye uwanja wa majaribio wa Daraja, ambao una funguo zake. Funguo za kazi halisi ziingie mwisho, mfumo ukishakuwa tayari.
- Siri ikae kwenye seva pekee. Isitumwe WhatsApp, isiwekwe ndani ya programu ambayo wateja wanapakua kwa simu, na isiachwe ndani ya kodi iliyowekwa GitHub mahali pa wazi. Kuna watu wanatafuta funguo kama hizo huko kila siku.
- Fundi akimaliza kazi, au ukishuku siri imeonekana, omba funguo mpya na uhakikishe zile za zamani hazifanyi kazi tena. Ni kama kubadilisha kufuli mfanyakazi akiondoka.

Fundi anayejua kazi yake atakuuliza kuhusu Daraja, si kuhusu PIN. Akisisitiza apewe PIN, simamisha kazi kwanza. Na kama tayari ulimpa mtu, badilisha PIN leo, kabla hujafunga duka.